Jina Lenye Mwenyewe

Mwaka 1951 ilitoka filamu iitwayo The African Queen, iliyoongozwa na John Huston na kuchezwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Picha zake nyingi zilipigwa Kongo ya Wabelgiji na Uganda, lakini mzizi wa kisa chenyewe uko kwenye maji ambayo mkazi wa Bujumbura huyatazama kila jioni jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. C. S. Forester, aliyeandika riwaya yenye jina hilo mwaka 1935, alichota kutoka vita vya Ziwa Tanganyika vya 1915 na 1916, Waingereza walipoburuta mashua mbili, Mimi na Toutou, kupitia nyika za Kongo ili wakapambane na Wajerumani ziwani. Meli kubwa kuliko zote za Wajerumani ziwani humo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikapewa jina la gavana wao wa zamani, Graf von Götzen. Walipokimbia mwaka 1916 waliizamisha wenyewe. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Jina la gavana lilifutwa ubavuni, chuma kikabaki kilekile.

Kwenye orodha ya watu waliotengeneza filamu ile kuna jina moja ambalo ndilo mlango wa sura hii. Mtayarishaji ameandikwa S. P. Eagle. Mtu wa jina hilo hakuwahi kuzaliwa. Mwenye kazi alikuwa Sam Spiegel, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1901 katika mji wa Jarosław, ambao siku hizo ulikuwa jimbo la Galicia chini ya himaya ya Austria na leo uko Poland. Alifika Marekani na historia ndefu ya madeni na matatizo ya uhamiaji, na jina Spiegel lilikuwa limekwisha kuandamwa na hayo yote. Akalikata mahali pasipotarajiwa: herufi mbili za mwanzo akazifanya vifupisho, zilizobaki akazigeuza neno la Kiingereza. Kwa Kijerumani Spiegel ni kioo cha kujitazamia. Kwa Kiingereza Eagle ni tai. Alilitumia jina la tai tangu mwaka 1942, kwa zaidi ya miaka kumi, kisha mwaka 1954, kwenye filamu ya On the Waterfront, akarudi kuwa Sam Spiegel, na kwa jina hilo la kuzaliwa akatengeneza The Bridge on the River Kwai na Lawrence of Arabia. Hakuna aliyesema kwamba damu yake ilibadilika mwaka 1942 au kwamba ilirudi mwaka 1954. Kilichokuwa kikibadilika ni kibao cha dukani.

Spiegel hakuwa peke yake, wala hakuwa mfano ulio wazi kuliko yote. Huo ni wa Samuel Goldwyn. Alizaliwa Warsaw akiitwa Szmuel Gelbfisz, akapita Uingereza na kuwa Samuel Goldfish, na kwa jina hilo akauza glavu Marekani kabla ya kuingia katika filamu mwaka 1913. Mwaka 1916 alishirikiana na ndugu wawili, Edgar na Archibald Selwyn, kuanzisha kampuni. Wakachukua silabi ya kwanza ya jina lake na silabi ya mwisho ya jina lao, wakapata Goldwyn. Kwanza lilikuwa jina la kampuni. Goldfish akalipenda, na mwaka 1918 akalichukua kisheria liwe lake. Mwaka 1922 akasukumwa nje ya kampuni ile, na alipoanzisha nyingine kwa jina lake jipya, wenzake wa zamani wakamshtaki: jina, walidai, ni mali ya kampuni. Kesi ilisikilizwa mwaka 1923 na hakimu mashuhuri Learned Hand, naye akaamua kwamba mtu anaweza kulitumia jina alilojipatia kwa jasho lake, ila kila anapolitangaza lazima aeleze kwamba hahusiki tena na kampuni ya Goldwyn. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ikaunganishwa na nyingine mbili, ikazaliwa Metro-Goldwyn-Mayer, ile ya simba anayenguruma. Kwa miongo mingi ulimwengu mzima ulisoma Goldwyn juu ya kichwa cha simba, na Goldwyn mwenyewe hakuwa na sehemu yoyote katika kampuni hiyo.

Hatua ya mwisho ya kisa hiki ndiyo yenye uzito kwa hoja yangu. Goldwyn alipata mtoto, Samuel Goldwyn wa pili, naye akawa mtayarishaji wa filamu. Mjukuu wake, Tony Goldwyn, ni mwigizaji anayejulikana. Silabi mbili zilizounganishwa mezani na wafanyabiashara watatu mwaka 1916 zikawa, kufikia kizazi cha tatu, jina la ukoo kama jina lolote la ukoo Marekani. Wala hakuna ubaya. Ninachodai ni kwamba jina la ukoo ni chombo, na kama vyombo vyote lilitengenezwa mahali fulani, na watu fulani, kwa kazi fulani. Goldwyn linatusaidia kwa sababu fundi wake na siku zake bado tunawajua. Majina mengine ya ukoo yana mafundi waliosahauliwa.

Na si wote waliosahauliwa. Mwaka 1787 Kaizari Joseph wa Pili wa Austria aliamuru Wayahudi wa himaya yake wachukue majina ya ukoo ya kudumu ya Kijerumani. Kabla ya hapo Myahudi wa Galicia alikuwa fulani ben fulani, mtoto wa baba yake, na mtoto wake naye alikuwa fulani mwingine mtoto wa huyo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji tafsiri ya neno hilo ben: ni ndugu wa bin tunayoijua tangu Lamu hadi Ujiji. Dola ilitaka kodi, ilitaka askari, na ilitaka kumfuatilia mtu kutoka daftari moja hadi jingine; mnyororo wa bin ulikuwa ukibadilika kila kizazi na karani akipotea. Kwa hiyo kioo cha Sam Spiegel kilitoka katika ulimwengu ambao jina la ukoo lilikuwa na umri wa karne moja na kitu, nalo liliingia kwa amri. Uturuki ilifanya vivyo hivyo mwaka 1934, na bunge lake likampa Mustafa Kemal jina la Atatürk na kuwakataza wengine wasilitumie.

Sasa tuje Bujumbura. Anayefungua orodha ya marais wa Burundi akitafuta ukoo hatauona. Micombero, Bagaza, Buyoya, Ndadaye, Ntaryamira, Ntibantunganya, Ndayizeye, Nkurunziza, Ndayishimiye. Watatu wa kwanza wote walitoka tarafa moja ya Rutovu, mkoani Bururi, na majina yao hayasemi hilo hata kidogo. Pierre Nkurunziza alikuwa mtoto wa Eustache Ngabisha, mbunge aliyeuawa mwaka 1972. Ukiweka majina hayo mawili kwenye meza ya karani wa Ulaya, ataapa kwamba hawa hawakujuana. Hata katika ikulu ya mwami, yaani mfalme, mambo yalikuwa hayo hayo. Mwambutsa wa Nne, aliyepewa jina la Bangiricenge alipozaliwa, alikuwa na wana wakiitwa Rwagasore na Ndizeye. Upande wa pili wa siasa za miaka ya 1950 alikuwako chifu Pierre Baranyanka, kipenzi cha Wabelgiji, na wanawe wawili waliotajwa katika njama ya kumuua Rwagasore mwaka 1961 na kunyongwa mwaka 1963: mmoja Biroli, mwingine Ntidendereza. Nyumba mbili zilizoshindana hadi damu ikamwagika, na ndani ya kila nyumba hakuna jina ambalo baba alimwachia mwana.

Sababu yake iko ndani ya majina yenyewe. Jina la Kirundi mara nyingi ni sentensi nzima. Nkurunziza ni habari njema. Ndayizeye anasema namtumaini, na ndani ya neno hilo kuna kiambishi kidogo kinachosimama badala ya Imana, yaani Mungu. Ndayishimiye anamshukuru huyo huyo. Habonimana anasema aonaye ni Mungu, Hakizimana kwamba aponyaye ni Mungu, Ntakirutimana kwamba hakuna kipitacho Mungu. Mengine yanahesabu: Nyandwi ni wa saba kuzaliwa, Minani ni wa nane, Bukuru na Butoyi ni pacha mkubwa na pacha mdogo. Na mengine yanasema na majirani. Baranyanka maana yake ni wananichukia. Mzazi aliyempa mtoto jina hilo hakuwa akimtabiria mtoto. Alikuwa akiwapelekea ujumbe watu wa kilimani, na ujumbe ulifika kila mtoto alipoitwa aje kula. Mwanazuoni Philippe Ntahombaye aliandika kitabu kizima kuhusu jina la Kirundi katika saikolojia na jamii, kilichochapishwa mwaka 1983, na anayesoma majina kwa jicho hilo hatayaona tena kuwa vibandiko. Jina la namna hii lina msemaji, lina siku yake, lina sababu yake. Ni kama barua iliyokwisha kutiwa sahihi. Huwezi kumrithisha mtoto barua ya babu yake kisha ukasema hayo ndiyo maneno yako wewe kuhusu kuzaliwa kwake. Mwana wa Baranyanka angeitwa Baranyanka, angerithi maadui ambao hajakutana nao.

Sidai kwamba Warundi hawakuwa na koo. Walikuwa nazo na bado wanazo, na zina majina. Miongoni mwa baganwa, uzao wa wafalme, Bezi walijua kwamba wao ni wa Mwezi Gisabo na Batare kwamba wao ni wa Ntare Rugamba, na hakuna mtu wa siasa za Usumbura ya zamani aliyechanganya Bezi na Batare. Ila jina la ukoo lilikaa kwenye kumbukumbu za watu, halikupachikwa kwenye paji la uso la mtoto. Mtu alikuwa na jina lake, na ukoo ulikuwa na jina lake, kila kimoja mahali pake. Naona mgawanyo huo una hekima ambayo fomu zetu za leo hazijaifikia. Una faida nyingine pia, ambayo katika nchi hii si ndogo: Hakizimana anaweza kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na jina lake halimtangazi mbele ya anayemsimamisha njiani.

Ukishuka Buyenzi au Bwiza, mitaa ambayo Kiswahili ndicho lugha ya barazani, unakuta utaratibu mwingine kabisa unaofikia jambo lile lile. Huko mtu ni Juma Ramadhani Hussein: Juma ni yeye, Ramadhani ni baba, Hussein ni babu. Mtoto wa Juma atakuwa fulani Juma Ramadhani, na Hussein atadondoka mwishoni mwa mnyororo kama anavyodondoka marehemu kutoka katika salamu za kila siku. Utaratibu wa milimani unamtaja mtoto peke yake. Wa Buyenzi unamtaja mtoto na waliomtangulia hatua mbili. Hakuna hata mmoja kati ya hizo mbili ulio na jina linalotulia, likapita mikononi mwa vizazi bila kubadilika. Kwa hiyo mji huu umekaa kwa zaidi ya karne na tamaduni mbili za majina, zilizotoka pande mbili tofauti, na zote hazijui kitu ambacho shule na ofisi zilikuja kukidhania kuwa sheria ya maumbile.

Ofisi zenyewe zilileta fomu ya Kifaransa yenye nafasi mbili, nom na prénom. Ya kwanza ilikusudiwa jina la ukoo, ya pili jina la mtu. Warundi Wakristo wakajaza kwa namna yao: jina la Kirundi likaingia palipokusudiwa ukoo, jina la ubatizo likaingia pale pengine. Ndipo wageni wakaanza kusema Bwana Nkurunziza, Bwana Ndayizeye, kana kwamba kuna familia nzima za akina Nkurunziza. Tazama hata hivyo jinsi kitambulisho cha taifa, karangamuntu, kilivyoyatengeneza mambo kwa Kirundi. Nafasi ya kwanza ni izina, jina. Ya pili ni amatazirano, majina ya kuongezea, humo ndimo walimowekwa Pierre wa Nkurunziza na Domitien wa Ndayizeye. Kisha zinafuata nafasi mbili ambazo fomu nyingi za Ulaya hazioni haja ya kuziweka mbele hivyo: Se na Nyina, baba na mama. Yaani mahali pa jina moja linalodai kubeba ukoo wote, kuna watu wawili waliotajwa kwa majina yao kamili. Mama yumo. Katika jina Goldwyn, mama hayumo.

Wanaolitetea jina la ukoo wana mapingamizi matatu. La kwanza ni la mirathi na ardhi, na katika Burundi hakuna neno zito kuliko ardhi. Pasipo jina la ukoo, watasema, mtoto atathibitishaje kwamba shamba hili ni la baba yake? Swali hili lilikuja kwa ukali wakimbizi waliporudi kutoka Tanzania, wengine baada ya miaka zaidi ya thelathini, na serikali ikaunda mwaka 2006 tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine kushughulikia migogoro yao. Lakini jiulize jina la ukoo lingethibitisha nini. Lingeonyesha kwamba mtu anaitwa kama marehemu, basi. Kinachothibitisha ni majirani, ni mipaka inayojulikana, ni ushahidi mbele ya abashingantahe, wazee wa kilima waliokula kiapo cha haki. Jina linaloonekana kama ushahidi laweza kudanganya kuliko kukosekana kwa jina: Goldwyn lilikuwa limeandikwa juu ya simba, na Goldwyn hakumiliki hata ukucha wa simba.

Pingamizi la pili ni kwamba dola ya kisasa haiwezi kuendeshwa hivi. Hili linajibika upesi. Iceland ni nchi tajiri yenye madaftari yaliyonyooka, na wengi wa raia wake hawana jina la ukoo; wana jina lao na jina la baba au mama, na kitabu cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza. Ethiopia inaendesha serikali, mahakama na shirika kubwa la ndege kwa jina la mtu likifuatwa na la baba yake. Tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na alama za vidole vinamtambulisha mtu kwa uhakika ambao jina la ukoo halikuwahi kuufikia hata siku zake njema.

La tatu silijibu upesi, kwa sababu linauma. Jina linalorithiwa huwabeba wafu. Mwaka 1972 na tena kuanzia Oktoba 1993, watu wengi mno wa nchi hii waliuawa, na watoto wengi walibaki na jina lao tu. Mtoto aliyempoteza Ngabisha akiwa mdogo aliitwa Nkurunziza. Hakuna silabi ya baba aliyoitamka alipojitaja shuleni. Kama familia zingekuwa na jina moja, wafu wangetajwa kila mwalimu anaposoma majina ya wanafunzi. Sina namna ya kulipunguza hilo. Ile nafasi ya Se kwenye karangamuntu inasaidia, lakini kadi hupotea, huungua, huachwa nyuma mtu anapovuka mpaka usiku. Ninachoweza kusema ni kwamba jina la ukoo nalo linachagua wafu wa kuwabeba. Linambeba baba wa baba wa baba, na linamwacha mama, na mama wa mama, na kaka zake mama, ambao katika vita waliuawa sawasawa na wengine. Kumbukumbu ya kweli ya familia inahitaji majina mengi, na kila marehemu ana lake. Kazi hiyo ni ya kuandika na kusimulia, na haiwezi kukabidhiwa silabi tatu.

Hata hivyo mambo yanabadilika, na mtu mwaminifu lazima alitazame badiliko hilo lilivyo. Bujumburani kwenyewe wako wazazi ambao sasa huwapa watoto wao jina la baba, hasa waliosoma, hasa waliowahi kusimamishwa uwanja wa ndege wa ng'ambo wakitakiwa wathibitishe kwamba mtoto mwenye jina tofauti ni wao. Siwalaumu, aliyesimama kwenye foleni hiyo na mtoto analia anajua uzito wa fomu. Ila naamini fomu ndiyo inayopaswa kusahihishwa, kwa kuwa tatizo limo ndani yake: iliundwa ikidhani kila binadamu ni Spiegel wa baada ya 1787. Sinema ya Burundi yenyewe inatoa picha nzuri ya jambo hili. Filamu ndefu ya kwanza ya nchi, iliyoongozwa na Léonce Ngabo na kutoka mwaka 1992, inaitwa Gito l'ingrat. Kijana anarudi kutoka Paris na shahada yake, akitarajia uwaziri, na kichwa cha filamu kinamtaja kwa jina moja tu, Gito. Mtazamaji wa Bujumbura hakuuliza Gito nani.

Na huko ughaibuni, Brussels au Montréal, jina la Kirundi linafanya kile ambacho jina la Goldwyn lilifanya Hollywood. Baba aliyezaliwa wa nane katika familia ya Ngozi anaitwa Minani. Mtoto wake wa kwanza anaandikwa Minani, na wa pili Minani, na dada yao naye Minani. Watatu wote ni wa nane. Mwalimu wao hajui, nao kwa miaka ya mwanzo hawajui, mpaka siku bibi anapopiga simu kutoka nyumbani, akawauliza ni nani kati yao aliyetanguliwa na ndugu saba.